Msimbo Mfu katika Programu za Tarakilishi: Usomaji wa Zana Tuli na Mipaka Yake

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu akipewa sentensi ya Kiswahili aichanganue, hangoji mtu aitamke mbele yake. Huiandika kwenye karatasi, akaikata katika viambajengo vyake, akabainisha kiima na kiarifu, kisha akaeleza kila kiambishi kina kazi gani katika neno. Iwapo kuna neno lisilo na uhusiano na jingine lolote katika sentensi, litajitokeza lenyewe. Watunzi wa programu za tarakilishi nao wana usomaji wa namna hiyo. Huuita uchanganuzi tuli, yaani uchunguzi wa maandishi ya programu bila ya kuiendesha programu yenyewe. Makala haya yanashughulikia tawi moja tu la uchanganuzi huo, nalo ni kutafuta msimbo usiotumika na kuuondoa.

Huenda msomaji akauliza mada hii inatuhusu nini sisi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba baadhi yetu tumekwisha kuingia katika kazi hiyo. Kamusi za tarakilishi, vikaguzi vya tahajia na vichanganuzi vya vitenzi haviandikwi na wahandisi peke yao. Vinahitaji mtu anayejua kwamba “mahali” halipatanishwi kama “mahame”. Mtu huyo akishaanza kuandika msimbo, basi punde si punde ataurithi msimbo wa aliyemtangulia, na ndani yake atakuta sehemu asizoelewa kama zingali zinahitajika. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba zana ya uchanganuzi tuli huona marejeo, haioni haja. Kwa sababu hiyo yaweza kukiita mfu kilicho hai, na kukiacha kama kilicho hai kitu kilichokufa zamani. Mwandishi amejifunza nusu ya kwanza ya hoja hii kwa aibu yake mwenyewe.

Msimbo mfu ni upi?

Msimbo ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha maalumu ili tarakilishi iyatekeleze. Maagizo hayo hupangwa katika mafungu yenye majina, na kila fungu huitwa fankisheni. Fankisheni moja huita nyingine kwa jina lake, hiyo nyingine ikaita ya tatu, na hivyo ndivyo programu nzima inavyokwenda, kuanzia fankisheni kuu hadi ile ndogo kabisa.

Katika mtandao huo, msimbo waweza kukosa kazi kwa namna mbalimbali. Kuna mistari isiyofikika, mathalani ile iliyoandikwa baada ya agizo linaloitoa tarakilishi katika fankisheni. Haitasomwa kamwe, sawa na hotuba iliyoandaliwa kwa mkutano uliokwisha kufungwa. Kuna maktaba iliyoingizwa mwanzoni mwa faili isitumiwe, na kigeu kilichopewa thamani ambayo hakuna anayeisoma. Kuna pia fankisheni kamili, pengine ya mistari mia, ambayo hakuna anayeiita. Haya yote ni rahisi kuyaeleza. Lililo gumu ni msimbo unaoitwa kwa sharti fulani, ilhali sharti lenyewe halijatimia kwa miaka na hakuna anayekusudia litimie tena. Huo tutaurejelea.

Tusidhani kwamba msimbo mfu ni uchafu wa sura tu. Kila anayeisoma programu hulazimika kuusoma na huo. Akibadilisha kitu kwingineko hujitaabisha kuurekebisha ili ulingane na mabadiliko yake, asijue kwamba anamlisha maiti. Mwanafunzi aliyejiunga nasi mwaka jana alipoteza siku mbili akijaribu kuelewa fankisheni ambayo, kama ilivyobainika baadaye, haikuwa imeitwa na yeyote tangu waandishi wake wahitimu.

Zana husoma vipi?

Zana ya awali iliyopata sifa katika kazi hii iliitwa lint. Ilitungwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, ili kuzikagua programu zilizoandikwa kwa lugha ya C. Jina hilo kwa Kiingereza ni vile vinyuzi vinavyoganda nguoni, vinavyopaswa kuokotwa kimoja kimoja. Ni tamathali nzuri, ingawa inalipunguza tatizo. Vinyuzi havijapata kumfilisi mtu.

Kwa mfano wa karibu zaidi, tuitazame zana iitwayo Vulture, iliyotungwa na Jendrik Seipp kwa ajili ya programu za lugha ya Python. Vulture ni tumbusi, yule ndege wa mizoga. Utaratibu wake si mgumu kueleweka. Kwanza huigeuza kila faili kuwa mti wa kisarufi, yaani huichanganua kama sisi tunavyochora matawi ya sentensi tukionyesha kirai nomino na kirai kitenzi. Kisha huupitia mti huo ikiandika orodha mbili: orodha ya majina yaliyofafanuliwa na orodha ya majina yaliyotumiwa. Jina lililomo katika orodha ya kwanza na lisilokuwamo katika ya pili ndilo linaloshukiwa. Hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana, hata kwa mafaili mengi ambayo mtu angeyasoma kwa juma zima.

Pamoja na kila jina, Vulture huandika asilimia ya kiwango cha uhakika. Mistari isiyofikika hupewa asilimia 100, maktaba isiyotumiwa hupewa 90, nayo fankisheni, kipashio tunachokijali zaidi, hupewa 60. Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Hiyo 60 haimaanishi kwamba zana imepima ushahidi wa fankisheni hiyo mahususi ikaona uwezekano wa kufa kwake ni sita kwa kumi. Kila fankisheni hupata 60 kwa kuwa tu ni fankisheni. Ni tanbihi ya tabaka zima, ikituonya kwamba vitu vya tabaka hili huweza kuitwa kwa njia ambazo maandishi hayaonyeshi.

Aidha, Vulture hulinganisha majina matupu, haichunguzi jina hilo ni la nani. Ikiwa faili moja ina fankisheni iitwayo “tafuta” ambayo imekufa, na faili nyingine ina “tafuta” yake iliyo hai, basi mfu ataokolewa na jina lake. Wanaleksika wanaijua hali hii: atakayehesabu matumizi ya “kaa” katika matini bila kutenganisha kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi cha kuketi, atapata jumla isiyoeleza lolote. Lugha hazina budi kuwa na homonimu. Programu nazo zinazo tele.

Kisa cha ngeli ya PA-KU-MU

Chama chetu kina programu ndogo ya mazoezi ya upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi huandika kirai, programu ikaitambua ngeli ya nomino, kisha ikakagua iwapo vivumishi na viambishi vya kitenzi vimepatana nayo. Iliandikwa na wenzetu waliotutangulia, nasi tukairithi. Kila ngeli ilikuwa na fankisheni yake: patanisha_a_wa, patanisha_ki_vi, patanisha_li_ya, na kuendelea hadi patanisha_pa_ku_mu.

Siku moja niliamua kuisafisha. Niliiendesha Vulture, nikapata orodha iliyojaza skrini. Mengi yalikuwa ya kweli, nikayafuta kwa furaha ambayo kila aliyewahi kufagia nyumba ya urithi anaifahamu. Katikati ya orodha lilikuwamo jina patanisha_pa_ku_mu. Nililitafuta katika mafaili yote, sikuliona likiitwa popote. Nikaifuta fankisheni hiyo. Niliyaendesha majaribio, yaani programu ndogo zinazokagua kama programu kubwa ingali sahihi, nayo yakapita yote. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi yake wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliketi kufanya zoezi mbele ya mhadhiri. Wa kwanza akaandika “mahali pale pamejaa”. Programu ikasimama. Akaandika “nyumbani kwetu”. Ikasimama tena.

Lililotokea ni hili. Waandishi wa mwanzo hawakuziita fankisheni hizo kwa majina kamili. Programu ilikuwa ikiunda jina papo hapo, kwa kuchukua neno “patanisha_” na kuliambatisha na herufi za ngeli iliyotambuliwa, kama sisi tunavyoambatisha kiambishi kwenye mzizi. Neno lililozalishwa hivyo halionekani popote katika maandishi. Huzaliwa programu inapoendeshwa, likatumika, likapotea. Kwa zana isomayo maandishi, jina hilo halikutumika. Na kwa kuwa Python haiulizi kama jina lipo mpaka ifike mahali panapolihitaji, programu ilifunguka bila ya malalamiko yoyote na ikangojea mwanafunzi aandike “mahali”.

Basi kwa nini ngeli nyingine hazikushukiwa, ilhali nazo ziliitwa kwa njia hiyo hiyo? Swali hili lilinichukua muda. Majina yao yalikuwa yameandikwa kikamilifu katika mafaili ya majaribio, na mafaili hayo nayo nilikuwa nimempa tumbusi ayasome. PA-KU-MU peke yake haikuwa na jaribio. Hakuna aliyeona haja ya kuiandikia, labda kwa kuwa vitabuni huja mwishoni mwa orodha ya ngeli na mwalimu huifikia kengele ikilia. Kwa hivyo fankisheni pekee iliyokosa mlinzi ndiyo iliyoshukiwa, na kwa kukosa mlinzi huyo huyo hapakuwa na wa kunionya nilipoifuta.

Jambo hili lina upande wake wa pili. Kama fankisheni imekufa kweli lakini jaribio lake lingalipo, zana iliyopewa mafaili ya majaribio itaihesabu kuwa hai, ingawa anayeiita ni mkaguzi wake tu. Ndiyo maana inafaa kuiendesha zana mara mbili, pamoja na majaribio na bila ya majaribio, kisha kuzilinganisha orodha hizo. Tofauti yake hufunza mengi kuliko orodha yoyote ikiwa peke yake.

Aliye hai kwa maandishi tu

Kosa langu liligharimu nusu saa ya kipindi. Kinyume chake, yaani msimbo uliokufa kimatumizi ukabaki hai kimaandishi, kimewahi kugharimu kampuni nzima, na habari zake zimo katika uamuzi wa Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani wa Oktoba 2013.

Kampuni hiyo ni Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa tarakilishi kwa niaba ya wateja. Katika programu yake ya kutuma maagizo sokoni mlikuwamo sehemu iliyoitwa Power Peg. Kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003, lakini haikuiondoa. Mwaka 2005 wahandisi waliihamisha kwingine sehemu iliyokuwa ikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, ile iliyoiambia Power Peg kwamba sasa imetosha. Hawakuijaribu Power Peg baada ya hapo; ya nini kumpima maiti?

Mwaka 2012 waliandika msimbo mpya kwa ajili ya utaratibu ulioanza tarehe 1 Agosti katika Soko la Hisa la New York. Ili kuuwasha msimbo huo walitumia bendera, yaani alama ndogo ya ndiyo au siyo, ile ile iliyokuwa ikiiwasha Power Peg zamani. Msimbo mpya ulipaswa kuwekwa katika seva 8. Ukawekwa katika 7. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane ilipokea bendera ikaifasiri kwa maana yake ya kale. Power Peg ikaamka, ikaanza kununua na kuuza bila ya mtu wa kuihesabia. Katika jitihada za kuokoa mambo, wahandisi waliuondoa msimbo mpya katika zile seva 7 zilizokuwa sahihi, nazo zikaingia katika wazimu wa mwenzao. Katika muda wa dakika 45 hivi, maagizo madogo 212 ya wateja yalizaa mauzo na manunuzi zaidi ya milioni 4 ya hisa za kampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460. Kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma baruapepe 97 kwa wafanyakazi zikiitaja Power Peg kwa jina, hazikushughulikiwa. Tume iliitoza kampuni faini ya dola milioni 12, na kufikia Julai 2013 Knight ilikuwa imeunganishwa na kampuni nyingine.

Tujiulize: je, Vulture au zana nyingine ya aina yake ingeigundua Power Peg? La, isingeigundua. Power Peg ilikuwa ikiitwa. Palikuwa na njia kamili, iliyoandikwa wazi, kutoka kwenye bendera hadi kwenye msimbo wake. Kimaandishi ilikuwa hai kabisa. Kifo chake kilikuwa katika nia za watu, na nia haziandikwi katika msimbo. Wanaisimu tunatenganisha umilisi na utendi. Hapa pana tofauti inayokaribiana na hiyo, kati ya lile ambalo maandishi yanaruhusu na lile ambalo hutendwa kweli.

Wala upungufu huu si wa uzembe wa watunzi wa zana. Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja uwezao kuisoma programu yoyote ile na kusema kwa hakika kama itafika mwisho. Henry Gordon Rice akaipanua hoja hiyo mwaka 1953 ikagusa karibu kila swali la maana kuhusu tabia ya programu. Swali la kama mstari fulani utawahi kutekelezwa limo humo. Kila zana ya namna hii, basi, hukisia, na tofauti baina ya zana ni upande ambao kila moja imechagua kukosea.

Kufuata njia badala ya majina

Pana zana zinazokisia kwa uangalifu zaidi. Watunzi wa lugha ya Go walieleza mwezi Desemba 2023 zana yao iitwayo deadcode. Hii hailinganishi orodha za majina. Huanza kwenye fankisheni kuu, ikafuata kila mwito kama mtu anayefuata mfereji wa maji kutoka chanzoni, ikiweka alama kila inapofika. Shamba lisilofikiwa na mfereji wowote hutangazwa kuwa kavu. Kwa njia hii fankisheni mbili zinazoitana zenyewe kwa zenyewe, huku hakuna mwingine anayeziita, hugunduliwa. Mlinganishaji wa majina angeziona zote mbili zikitajwa akazipita. Kilichonivutia zaidi ni kwamba zana hii inaweza kuulizwa swali la kinyume: kwa nini fankisheni fulani si mfu? Nayo hujibu kwa kuonyesha msururu wa miito kutoka chanzoni hadi hapo. Jibu hilo ni hoja inayoweza kukaguliwa.

Kwa tatizo la bendera, kampuni ya Uber ilitoa hadharani mwaka 2020 zana iitwayo Piranha. Zana hii haidai kujua bendera ipi imekufa. Mwanaprogramu ndiye anayeitajia bendera na kuiarifu kwamba tangu leo jibu lake ni “ndiyo” daima. Piranha ikaondoa bendera hiyo pamoja na msimbo wote uliokuwa ukingojea jibu la “siyo”. Nia huletwa na binadamu, kazi ya mikono hufanywa na zana. Naona mgawanyo huo ni wa haki.

Kuondoa

Tuliikarabati programu ya ngeli kwa kuacha kuunda majina. Mahali pake tuliweka jedwali: upande mmoja ngeli, upande wa pili jina kamili la fankisheni yake. Jedwali lina mistari michache tu, na sasa zana inayaona majina yote, na mwanafunzi mgeni vilevile. Huenda hili ndilo faida kubwa ya zana hizi. Msimbo usiosomeka kwa zana aghalabu hausomeki kwa mtu pia.

Tulikubaliana pia kufuta kidogo kidogo, fungu moja kila mara, kila ufutaji ukihifadhiwa katika Git na sentensi ya Kiswahili inayoeleza sababu. Git hutunza matoleo yote ya awali, kwa hiyo anayekihitaji alichofuta atakirudisha; hakuna haja ya kuuacha msimbo mfu umefungiwa kwenye maoni eti huenda ukafaa kesho. Baada ya kila ufutaji tunaiendesha zana upya, maana fankisheni iliyokuwa ikiitwa na mfu huonekana hai mpaka mfu huyo azikwe. Yale majina ambayo zana huyashuku kimakosa tunayaandika katika faili ya msamaha, ambayo Vulture yenyewe yaweza kuiandaa, na kando ya kila jina tunaongeza sababu ya kusamehewa. PA-KU-MU ilirudishwa ikiwa na majaribio matatu: la pale, la kule na la mle.

Orodha ya mwisho ilibakisha fankisheni nne ambazo hatukuwa na hakika nazo: ngeli_m_wa, ngeli_m_mi, ngeli_ji_ma na ngeli_n_n. Zilitokana na uainishaji wa kufuata viambishi vya nomino, ambao waandishi waliuacha walipohamia ule wa upatanisho. Hakuna aliyeziita, si kwa jina kamili wala kwa jina la kuundwa. Hata hivyo tulimwandikia mmoja wa waandishi, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili, kumwuliza kama kulikuwa na jambo tusilolijua. Alijibu baada ya siku tatu kwamba alidhani alizifuta mwenyewe kabla ya kuhitimu.